Maisha ya Al-Jahidh na Adabu ya Kusema na Watu

Katika neema alizopewa mwanadamu, ulimi ndio anaoutumia zaidi usiku na mchana, na ndio anaoufunza kwa uchache zaidi. Mtoto hupelekwa chuoni akafunzwa kusoma, kisha akatiwa kwa fundi akafunzwa kushona au kuchonga milango. Lakini kusema na watu kila mmoja wetu hudhani kuwa amezaliwa nako. Matokeo yake tunayaona. Mume na mke huachana kwa neno ambalo lau lingesemwa asubuhi yake lingepokewa kwa kicheko. Washirika wa duka hugombana miaka kwa jambo ambalo kila mmoja alidhani kuwa mwenziwe amelifahamu. Na katika misikiti yetu darsa nyingi husomeshwa, watu wakaondoka hawana walichochukua ila kusema ya kuwa sheikh ana ilmu nyingi. Na ilmu yenyewe ikabaki pale pale alipokaa sheikh.

Kwa ajili hiyo tumeona tuwasimulie wasomaji wetu maisha ya mtu mmoja wa Basra, aliyefariki zaidi ya miaka 1,100 iliyopita, ambaye alilishika jambo hili la kusema na kufahamiana akaliandikia kitabu kinachosomwa mpaka leo. Hatumsimulii kwa itikadi yake, kwani alikuwa katika Muutazila, na wanavyuoni wa Sunna wamemjibu na kumkosoa. Tunamsimulia kwa lile alilolijua kuliko wenziwe, na mwenye akili huokota lulu hata ikiwa imeanguka mahali asipopapenda.

KUZALIWA NA KUKUA KWAKE

Jina lake ni Amru bin Bahr, na kuniya yake ni Abu Uthman. Alizaliwa Basra, mji wa bandari kusini ya Iraqi, karibu na mwaka 160 wa Hijra (776). Al-Jahidh si jina la ukoo. Ni lakabu, na maana yake ni mtu ambaye macho yake yametokeza nje. Jamaa zake walikuwa mawali wa kabila la Kinana, yaani watu waliofungamana na kabila hilo bila ya kuwa wa damu yake, na imepokewa kutoka kwa mtoto wa dada yake kwamba babu yao alikuwa mtu mweusi, mchunga ngamia. Basi hakuwa na nasaba ya kujifakharia, wala mali, wala sura.

Alikulia katika umaskini. Imesimuliwa kwamba alionekana akiuza mkate na samaki kando ya mfereji wa Sihan. Imesimuliwa pia kwamba siku moja alirudi nyumbani na njaa, akataka chakula, na mama yake akamletea sinia iliyojaa madaftari. Alipouliza ni nini hiki, mama akamjibu kuwa hicho ndicho anacholeta nyumbani kila siku. Kijana akatoka kwa huzuni kwenda msikitini, na huko mtu mmoja mwenye uwezo akamuuliza linalomsibu, akampa fedha, naye akarudi na chakula. Tazameni yule mama: hakupiga kelele, hakutukana, wala hakumkataza mwanawe kusoma. Aliweka sinia tu, na maneno yake yakafika mahali ambapo ugomvi wa siku nzima usingefika.

WALIMU WAKE

Basra ya siku zile ilikuwa na madrasa mbili kwa mwenye kutaka lugha. Ya kwanza ilikuwa msikiti mkuu, ambamo wanavyuoni walikaa na halka zao. Humo Al-Jahidh alisoma kwa mabingwa wa lugha na khabari za Waarabu kama Al-Asmai na Abu Ubayda, na ilmu ya kalam akaichukua kwa An-Nadham. Ya pili ilikuwa Mirbad, soko lililokuwa ukingoni mwa mji upande wa jangwani, ambapo mabedui walikuja na ngamia zao, na washairi wakisimama kushindana. Huko hakukuwa na kitabu wala mwalimu, ila masikio.

Al-Jahidh alisoma katika zote mbili, na hapa ndipo alipowapita wengi. Aliwasikiliza mabaharia, wafumaji, walimu wa watoto, ombaomba, wezi na mabakhili, akajua kila kundi lina maneno yake na mizani yake ya kupima jambo. Na kwa kusoma hakuwa na mfano: amesimulia mmoja wa watu wa zama zake kwamba hakikumfikia mkononi kitabu ila alikisoma mpaka mwisho, na kwamba akikodi maduka ya wauza vitabu akalala humo akisoma.

Basi mwenye kudhani kuwa kusema vizuri ni kipaji tu, na amtazame huyu. Alikaa miaka mingi akisikiliza kabla ya watu kumsikiliza yeye.

ALIVYOPOKEWA NA WATU

Alipoanza kuandika aliona jambo la ajabu. Ameeleza mwenyewe kwamba alikuwa akiandika kitabu chenye maana nzuri akakitoa kwa jina lake, na watu wakakitia ila. Kisha akaandika kilicho chini yake akakitoa kwa jina la mtu wa zamani kama Ibnul-Muqaffaa, na watu wale wale wakakimbilia kukinakili. Alijua basi kuwa wengi husikiliza jina la msemaji kabla ya kusikiliza neno. Ugonjwa huu haukuisha na watu wa Basra. Katika mabaraza yetu neno la mtu mwenye kanzu safi hupewa nafasi, na neno lile lile likisemwa na mchukuzi hukatizwa kabla halijafika nusu.

Hata hivyo hakukata tamaa. Vitabu vyake juu ya ukhalifa vilimfikia Khalifa Al-Maamun, naye akavisifu kwa sifa ambayo kila mwenye kuandika angependa kuipata: kwamba ni maandishi yasiyohitaji mwandishi wake awepo ili ayafafanue, na kwamba yanamfaa mtu wa sokoni kama yanavyomfaa mfalme. Al-Jahidh aliihifadhi sifa hii. Baadaye akatiwa katika diwani ya barua za serikali huko Baghdadi; imesimuliwa kuwa alikaa siku tatu tu, akaomba aachiwe. Hakuwa mtu wa kuandika kwa amri.

Khalifa Al-Mutawakkil naye alitajiwa habari zake ili awasomeshe wanawe. Alipomwona hakupendezwa na sura yake, akampa dirham 10,000 akamrudisha. Al-Jahidh aliisimulia khabari hii mwenyewe, wala hakuifanya kisa cha kununa. Ndiye pia aliyesimulia kwamba mwanamke mmoja alimchukua mpaka kwa sonara, akamwambia sonara amfanyie kama huyu, akenda zake. Na alipouliza maana yake, sonara akamweleza kuwa bibi yule alitaka pete yenye sura ya shetani, naye akamwambia kuwa hajapata kumwona. Mtu anayeweza kujicheka huwaondolea wenziwe silaha ya kumcheka.

ULIMI ULIOMWOKOA

Rafiki na mfadhili wake mkubwa alikuwa waziri Ibnuz-Zayyat, ambaye alimtungia Kitabul-Hayawan, kitabu kikubwa juu ya wanyama, akapewa dinari 5,000. Waziri huyu alikuwa mkali, na alifanya tanuri la misumari la kuwaadhibia watu. Mwaka 233 wa Hijra (847) Al-Mutawakkil alimkamata, akamtia katika tanuri lile lile mpaka akafa. Al-Jahidh akakimbia. Akakamatwa, akaletwa mbele ya hasimu wa waziri, Kadhi Ahmad bin Abi Duad, naye ana mnyororo shingoni na nguo zimechakaa.

Kadhi alipomuuliza kwa nini alikimbia, akajibu kuwa alikhofu kuwa wa pili wa wawili katika tanuri. Huu ni mzaha uliojengwa juu ya maneno ya Aya inayotaja wawili waliokuwa pangoni, na sisi hatuusifu mzaha unaochezea maneno ya Qur'ani. Lakini aliyosema baada ya hapo yanafaa kuzingatiwa. Kadhi alimlaumu kwa kutokushukuru wema aliofanyiwa. Al-Jahidh hakukanusha, wala hakulia. Alimwambia kuwa ni bora Kadhi awe na uwezo juu yake kuliko yeye kuwa na uwezo juu ya Kadhi. Na kuwa yeye akikosa, Kadhi akatenda wema, khabari hiyo itasimuliwa vizuri zaidi kuliko kinyume chake. Na kuwa kusamehe wakati wa nguvu ni kuzuri kuliko kulipiza. Kadhi akaamrisha afunguliwe mnyororo, apelekwe hamamu, avikwe nguo nzuri, akamkalisha mbele ya baraza, akamtaka azungumze.

Angaliene alivyofanya. Hakumweleza Kadhi shida yake mwenyewe, bali alimweleza faida ya Kadhi. Mtu aliyekasirika hasikii maumivu ya mwenziwe. Husikia lile linalomgusa yeye. Mwenye kudai haki yake kwa jirani, au kuomba muhula wa deni, angefuata njia hii angepata zaidi kuliko anavyopata kwa kuhisabu makosa ya mtu mbele ya watu.

KITABU CHAKE CHA UBAINIFU

Al-Jahidh alimtunukia Kadhi huyo kitabu chake Al-Bayan wat-Tabyin, akapewa dinari 5,000. Hiki ndicho kitabu ambacho baada ya karne tano Ibn Khaldun alikitaja, kwa kupokea kutoka kwa masheikh zake, kuwa ni kimoja katika nguzo nne za ilmu ya adabu.

Anakianza kwa kumuomba Mwenyezi Mungu amlinde na fitina ya maneno, na kumlinda na ulimi uliopindukia kama anavyoomba kulindwa na ulimi ulioziba. Kisha anamtaja Nabii Musa, amani iwe juu yake, alivyomuomba Mola wake afungue fundo la ulimi wake ili watu wafahamu kauli yake, na alivyomtaka ndugu yake Harun awe pamoja naye. Mafundisho ya hapa ni makubwa. Musa hakuomba ulimi ili asifiwe. Aliomba ili afahamike.

Na hii ndiyo nguzo ya kitabu kizima. Kwake yeye ubainifu ni kila kinachoondoa pazia baina ya moyo wa msemaji na moyo wa msikilizaji. Kitu chochote kikifikisha maana ndicho ubainifu mahali pale. Akazihisabu njia zake kuwa tano: tamko, ishara, kuhisabu kwa vidole, maandishi, na hali ya kitu chenyewe ambayo husema bila ya ulimi. Sinia ya mama yake, kwa hakika, ilikuwa katika njia hizo.

Anasimulia khabari za Wasil bin Ataa, aliyekuwa hawezi kuitamka vizuri herufi ya ra. Mtu huyu alikuwa mkuu wa kundi lake na lazima ahutubu. Basi akaiondoa herufi hiyo katika maneno yake yote: ngano akaiita kwa jina lake jengine lisilo na ra, na mvua vivyo hivyo, mpaka asiyemjua hakutambua ila yake. Haya si maumbile, ni mazoezi. Na sisi tuna watu wanaojinyamazia maisha yao yote kwa sababu ya kigugumizi kidogo au haya.

Anasimulia pia khabari ya Abu Alqama, mwanasarufi aliyependa maneno mageni. Siku moja alianguka njiani kwa maradhi, watu wakamkusanyikia, wengine wakamsomea adhana sikioni wakidhani amepagawa. Alipozindukana akawaamrisha waondoke kwa maneno magumu ya Kiarabu cha kale ambayo hakuna aliyeyajua. Mmoja wao akawaambia wenziwe wamwache, kwani shetani wake anasema Kihindi! Al-Jahidh ametilia mkazo kuwa ni jambo baya mtu kutumia istilahi za watu wa kalam anapohutubia watu wote, au anaposema na ahali zake nyumbani, au katika mazungumzo yake ya kawaida.

Na katika khabari nzuri zaidi ni ile ya Ibnus-Sammak, mhubiri mashuhuri. Alikuwa akisema na watu, na kijakazi wake anasikia. Alipoingia ndani akamuuliza ameyaonaje maneno yake. Kijakazi akamwambia ni mazuri lau asingeyakariri mno. Akajibu kuwa anayakariri ili asiyefahamu apate kufahamu. Kijakazi akamwambia kuwa mpaka yule asiyefahamu afahamu, aliyefahamu atakuwa amekwisha kuchoka. Mhubiri mkubwa alifunzwa kazi yake na mtumishi wa nyumba, kwa sababu aliuliza.

Kadhalika ametuhifadhia waraka wa Bishr bin Al-Muutamir, ambao ndani yake vijana wanausiwa wachague saa ambayo moyo una nafasi. Wakimbie maneno magumu. Wajue kuwa maana haiwi tukufu kwa kuwa ni ya wakubwa, wala haiwi duni kwa kuwa ni ya watu wa kawaida, bali hupimwa kwa usahihi wake, kwa manufaa yake, na kwa kufaa mahali pake. Na kila kundi la watu lisemezwe kwa kadiri yake. Neno lisipokuja, mtu asilishurutishe. Aliache siku au usiku, alirudie moyo ukiwa umetulia.

Yeye mwenyewe alifuata njia hiyo. Katika Kitabul-Hayawan huchanganya uzito na mzaha, na huhama kutoka jambo hadi jambo, ili msomaji asichoke. Humo amesimulia kisa cha kadhi mmoja wa Basra aliyekaa barazani kwa haiba kama jabali, hasogezi mkono wala jicho, mpaka nzi akamtua puani, akahamia jichoni, na hatimaye kadhi akashindwa kuvumilia, akawa anampunga kwa ukingo wa nguo mbele ya watu. Akakiri kuwa Mwenyezi Mungu amemwonyesha udhaifu wake kwa kiumbe dhaifu. Mtu husoma akicheka, na kibri chake kinapungua.

ALIVYOITAJA PWANI YETU

Al-Jahidh aliandika pia risala ya kutetea fakhari ya watu weusi. Ndani yake amewataja Zanji, jina ambalo Waarabu wa zama hizo waliwaitia watu wa pwani hii, na akataja Kanbalu na Lanjuya, ambazo wengi katika watafiti wanaziona kuwa ni Pemba na Unguja. Aliwaambia Waarabu kwamba Zanji hasa hawajawaona, kwani waliowaona ni mateka tu. Akawasifu kwa wepesi wa ulimi, na kwamba khatibu wao huweza kusimama mbele ya mfalme wao akasema tangu jua kuchomoza mpaka kuchwa. Ni kweli kuwa katika vitabu vyake vingine amenakili maneno ya kuwadharau watu hao hao. Lakini sifa hii na itukumbushe kuwa kusema si kitu kigeni kwetu.

ILA YAKE

Hatutakuwa waadilifu tukitaja sifa zake tukaficha ila yake. Ibn Qutayba, aliyefariki mwaka 276 wa Hijra (889), amemlaumu kuwa alifanya jambo na kinyume chake: leo anatetea kundi hili, kesho anatetea hasimu wake, kwa nguvu ile ile. Na yule Kadhi Ibn Abi Duad aliyemsamehe alipata kusema kuwa anauamini ucheshi wa mtu huyu lakini haiamini dini yake. Hii ni hukumu nzito. Watu walimpenda, wakamsikiliza, wakacheka naye. Lakini baadhi yao hawakujua yeye mwenyewe amesimama wapi. Ulimi humfungulia mtu mlango wa kusikilizwa, na asiyejulikana msimamo wake husikilizwa kwa furaha, kisha asifuatwe.

KUFARIKI KWAKE

Alirudi Basra katika uzee wake, na maradhi yakamshika. Al-Mubarrad, aliyemzuru, amesimulia kuwa upande mmoja wa mwili wake ulipooza hata ukikatwa kwa mkasi asihisi, na upande wa pili una jongo hata nzi akipita humuumiza. Hakuacha kusema wala kupokea wageni. Alifariki mwezi wa Muharram mwaka 255 wa Hijra (mwisho wa 868 au mwanzo wa 869), umri wake umepindukia miaka tisini. Waandishi wa baadaye wamesimulia kuwa aliangukiwa na vitabu vyake. Ikiwa si kweli, ni uzushi unaomfaa.

TUNALOLIPATA SISI

Ndugu zetu, khulasa ya maisha haya ni kuwa neno ni amana, na mwenye haki yake ni msikilizaji. Halihisabiwi kuwa limesemwa mpaka lifike. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alilijua hili alipoanza kutoa Sahifa yake hapa Mombasa mwaka 1930 kwa Kiswahili, ilhali Kiarabu chake kilikuwa cha mwanachuoni aliyebobea. Alitaka muuza duka na mvuvi wafahamu.

Basi khatibu na amuulize mtu wa safu ya mwisho amefahamu nini. Baba na achague saa ya kumnasihi mwanawe, asimnasihi mbele ya wageni. Mke na mume wakitaka kulaumiana na wangoje kwanza hasira ishuke. Mwenye kuuza na kununua na aulize mwenziwe alivyofahamu, kabla ya kuagana. Mwenye haya na ajizoeze, kama Wasil alivyojizoeza. Na sote tuweke ukweli chini ya maneno yetu, ili watakaotusikiliza waweze pia kutuamini.

Mwenyezi Mungu azifungue ndimi zetu kwa kheri, na azifunge kwa shari. Amin.